Nani Mwenye Kauli Mlimani?

Mwanza haina volkano. Mawe yake ni matale ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Jiwe la Bismarck pale ufukweni liliganda chini kabisa ya ardhi, kisha mmomonyoko wa miaka isiyohesabika ukaliacha wazi. Hata hivyo mji huu umekaa kati ya mioto miwili. Bonde la Ufa limegawanyika matawi mawili, na Ziwa Victoria limelala katikati. Tawi la mashariki lina Ol Doinyo Lengai, Kerimasi, Meru na Kilimanjaro. La magharibi lina safu ya Virunga: Nyiragongo, Nyamulagira, Karisimbi, Muhabura na wenzao. Ukinyoosha mstari kutoka Mwanza kwenda mashariki, utafika karibu na Lengai baada ya kilomita kama 330. Majivu ya mlima ule yamekuwa yakipeperushwa na pepo za mashariki kwa maelfu ya miaka, na ndiyo yaliyotengeneza nyanda za nyasi fupi za Serengeti wanakozalia nyumbu. Mito ya Serengeti, Grumeti na Mbalageti, inamwaga maji yake Ghuba ya Speke, huku kwetu ziwani.

Kutoka magharibi nako kulikuja kitu. Lyangombe, ambaye watu wa Rwanda na majirani zao husema anakaa juu ya milima ya Virunga pamoja na wafuasi wake waliokufa, alivuka nchi akaingia hadi Unyamwezi na Usukuma, na chama cha Buswezi kikabeba jina lake. Basi mtu wa Mwanza akizungumzia milima ya moto hazungumzii mambo ya ugenini.

Ninachotaka kulinganisha ni safari ya aina moja tu: kupanda mlima mrefu wa volkano na kushuka ndani ya siku moja, mwongozaji akiwa mbele yako. Katika safari ya siku sita, mtu aliyechoka hulala, aliyeanza kuumwa kichwa huangaliwa asubuhi, na hali ya hewa ya jana hufutwa na ya leo. Safari ya siku moja haina nafasi hiyo. Saa fulani, mahali fulani kwenye mteremko, lazima mtu mmoja aseme: tunaendelea, au tunarudi. Kila jamii imemkabidhi kauli hiyo mtu wake, na kwa maoni yangu hapo ndipo panapopimwa heshima ya safari nzima, kuliko idadi ya waliofika kileleni.

Tuanze na Lengai, kwa sababu ndio unaopandwa hivyo hasa. Kilele chake kiko mita 2,962, chini ya Meru na chini sana ya Kibo kule Kilimanjaro, na wengi hudanganywa na tarakimu hiyo. Kule chini, karibu na kijiji cha Engare Sero na Ziwa Natron, jua la mchana ni la kuunguza. Mlimani hakuna maji, hakuna kibanda, hakuna mti wa kukupa kivuli. Ndiyo maana watu huondoka kijijini kama saa tano usiku, huanza kupanda karibu saa sita, hufika juu alfajiri, na hushuka kabla jua halijashika kazi. Huko juu mteremko umesimama kiasi kwamba mikono hufanya kazi sawa na miguu. Mvua imechimba makorongo ndani ya majivu yaliyoganda, na gizani makorongo yote yanafanana. Ukiingia lisilo lako, utapanda nusu saa nzima ndipo ugundue kwamba mbele hakuna njia.

Mlima wenyewe hauna mfano duniani leo. Lava yake imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu. Hutoka ikiwa na nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava tunayoizoea vitabuni, tena nyeusi na nyepesi, inayotiririka upesi. Ikipatwa na unyevu hugeuka nyeupe. Julai 2007 matetemeko yalitikisa eneo lile, yakasikika hadi Nairobi, na Septemba mlima ukalipuka kwa nguvu. Majivu yaliendelea kurushwa hadi mwaka uliofuata, yakafunika malisho, na wafugaji wakahama na mifugo yao. Si mara ya kwanza. Kusini mwa Natron, si mbali na kijiji, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoganda katika tope la majivu, ambazo wanasayansi wanazikadiria kuwa za kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Baadhi yake zinaonyesha watu waliokuwa wakikimbia kidogo kidogo. Tangu enzi hizo kuna watu wanaojua namna ya kutembea pale.

Kwa Wamasai, Lengai ni makao ya Engai, na Engai ana pande mbili: mweusi wa mvua na neema, mwekundu wa ukame na ghadhabu. Watu huuendea mlima kuomba. Wanawake waliochelewa kupata watoto huuendea kuomba watoto. Sala ya namna hiyo haimdai mtu afike kileleni. Aliyesali chini amesali. Kwa hiyo mwongozaji wa Engare Sero amelelewa katika mila ambayo kuishia njiani si kushindwa, na nadhani hilo linaonekana katika kazi yake.

Nimemwona mmoja wao kazini, kijana wa shuka na katambuga za tairi, fimbo mkononi. Alitangulia hatua mbili, akigonga majivu kwa ncha ya fimbo na kusikiliza. Palipotoa sauti nzito alikanyaga. Palipotoa sauti ya uwazi chini yake alisogea pembeni bila kusema neno, nasi tukasogea. Tulipokuwa tumeshapita nusu ya mlima, ukungu ulishuka na manyunyu yakaanza. Akasimama, akazima taa yake ya kichwani, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia kijana mwenzake aliyetoka Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko sote.

“Kaka, mlima umefunga. Leo tunaishia hapa.”

“Imebaki kidogo tu, kaka. Nimetoka Dar kwa ajili ya hii.”

“Najua. Majivu yakilowa, kupanda utaweza. Kushuka ndiko hutaweza.”

Hakutuuliza wangapi wanakubali na wangapi wanakataa. Alikuwa ameshapita kati yetu kwenda chini, akigonga tena kwa fimbo, na tukamfuata. Yule wa Dar alinyamaza hadi tulipofika kwenye nyasi, kisha akamshukuru. Mamlaka ya kijana yule hayakutoka kwenye kitambulisho. Yalitoka kwenye jambo ambalo kila Mswahili analijua bila kufundishwa: katika nyumba ya watu, mgeni hachagui chumba.

Sasa twende Japani, maana huko upo mlima unaofanana na Lengai kwa umbo na kwa utakatifu, ila historia yake imekwenda njia nyingine. Fuji una mita 3,776 na ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1707. Katika enzi za Edo, Tokyo ilipokuwa ikiitwa hivyo, watu wa mijini waliunda vyama vya kuhiji Fuji. Kila mwanachama alichanga fedha kidogo, na kila mwaka kura iliamua nani waende kwa niaba ya wengine, sawasawa na akina mama wa Kirumba hapa Mwanza wanavyocheza upatu. Walivaa nguo nyeupe, rangi ya sanda, wakalala katika nyumba za makuhani wa mji wa Yoshida chini ya mlima, wakapanda wakimfuata kiongozi wa chama aliyekwisha kupanda mara nyingi. Kiongozi huyo alikuwa mwalimu wao wa dini kabla ya kuwa mjuzi wa njia. Na kwa wasioweza kwenda, wazee, wagonjwa na watoto, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 vyama hivyo vilijenga vilima vidogo vya mfano wa Fuji mjini Edo kwenyewe, vikiwa na mawe ya lava yaliyoletwa kutoka mlimani, ili mtu ahiji kwa hatua chache.

Navutiwa sana na vilima hivyo. Vinaonyesha kwamba Wajapani wale, kama Wamasai, walitenganisha kuufikia mlima na kukifikia kilele. Lakini kuna upande ambao siwezi kuusifu. Wanawake walizuiwa kufika kilele cha Fuji hadi serikali ilipoondoa marufuku mwaka 1872. Mwanamke aitwaye Takayama Tatsu alilazimika kupanda mwaka 1832 akiwa amevaa kiume. Hapa Lengai unauzidi Fuji wa zamani kwa mbali: mlima wa Engai ulikuwa unawaita wanawake wakati ule mwingine unawafungia mlango.

Siku hizi barabara inampeleka mtu hadi mita 2,300 hivi ya Fuji, na wengi walianza kupanda usiku kucha bila kulala ili wawahi jua likichomoza, washuke, warudi mjini siku hiyohiyo. Waliozidiwa na baridi, urefu na uchovu wakawa wengi. Mwaka 2024 mkoa wa Yamanashi ukaweka geti kwenye njia ya Yoshida: ada ya yen 2,000, watu wasiozidi 4,000 kwa siku, na njia kufungwa kuanzia saa kumi jioni hadi saa tisa usiku kwa asiye na nafasi kwenye vibanda vya kulala. Mwaka uliofuata masharti yakakazwa zaidi.

Linganisha basi. Kile ambacho Fuji wanakikataza, kupanda usiku kucha bila kulala, ndicho kilicho salama zaidi Lengai, kwa kuwa Lengai adui ni jua, na Fuji adui ni baridi, hewa nyembamba na msongamano. Kanuni ya mlima mmoja ukiihamishia mwingine inaua. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kumtaka mwongozaji wa mahali, mtu wa mlima ule hasa, na wala si mtu wa milima kwa jumla. Lakini geti la Yamanashi lina sifa moja ambayo mwongozaji wetu hana: halipokei bakhshishi. Halimwogopi mteja aliyelipa. Saa ikifika linafungwa, awe tajiri awe maskini. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo linaloniuma.

Nyiragongo nitaupitia kwa haraka. Una mita 3,470, na aliyewaongoza wageni huko alikuwa askari wa Hifadhi ya Virunga mwenye bunduki. Ni mlima unaopandika kwa saa chache, ingawa kwa desturi wageni walilala ukingoni ili waone ziwa la lava gizani. Watu wa Goma hawahitaji kuambiwa nguvu zake: 1977, 2002 na 2021 lava ilishuka ikachukua nyumba na roho. Kauli huko ilikuwa ya serikali na ya usalama, na hakuna aliyebishana na mtutu. Linalonivuta zaidi ni imani ya kale ya Lyangombe niliyoitaja. Inasema kwamba waliopitishwa katika ibada zake hupumzika naye kwenye mlima wa baridi, Karisimbi au Muhabura kutegemea msimulizi, ila wasiopitishwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Na hakuna aliyejipitisha mwenyewe. Kila anayeingizwa huwa na mzazi wake wa kiibada, anayemshika mkono. Wazee wa Buswezi huku Usukuma walilijua hilo: mahali pazito huendi peke yako, na anayekupeleka ndiye anayekujibia.

Ipo mila nyingine iliyofika kwetu kwa meli, na lazima tuitaje. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alipanda kilima karibu na hapa Mwanza, akaliona ziwa likienda kaskazini hadi macho yakaishia. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India, akarudi Unguja akiwa mtu huru. Kilima kikapewa jina la Somerset, ziwa likaitwa Victoria, na baadaye ghuba ya jirani ikaitwa Speke. Bombay aliongoza misafara ya Speke, ya Stanley na ya Cameron, akapewa nishani ya fedha na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza, lakini jina lake halikuandikwa kwenye ramani ya ziwa. Mwaka 1889, Oktoba 6, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki kwenye tambarare ya baridi kati ya Kibo na Mawenzi akilinda kambi, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa nchini kwa kuwaonyesha njia. Kilele kikapewa jina la Kaiser. Ilichukua hadi 1961 ndipo Alexander Nyirenda alipokisimikia bendera ya Tanganyika na Mwenge, kikaitwa Uhuru.

Katika mila hiyo mwenye kauli ni anayelipa. Mlima ni kitu cha kushindwa, na mwongozaji ni chombo cha kushindia. Wachagga wenyewe walikuwa na maneno mengine. Wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa akimwendea Kibo kuomba moto, akapewa na chakula, kisha njiani akauzima makusudi ili arudi ale tena. Mara ya tatu Kibo alichoka, akamchapa kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi amebaki na makovu na meno meno hadi leo. Ni hadithi ya volkano mbili, moja iliyozimika na kumomonyoka zamani na nyingine iliyokaa na moto hadi baadaye sana, lakini zaidi ni hadithi ya mgeni asiye na adabu. Mlima unaombwa. Ukiuzidia, unakuchapa.

Najua kuna waliopanda Kilimanjaro na kushuka ndani ya siku moja. Simon Mtuy, mzaliwa wa mlima ule, alifanya hivyo mwaka 2006 kwa kutumia muda wa saa tisa na dakika kadhaa, tena bila msaidizi. Karl Egloff, mwaka 2014, alitumia saa sita na dakika 42. Nawavulia kofia, na Mtuy zaidi. Lakini hao wameishi milimani. Msafiri wa kawaida akidai kasi hiyo anamtwisha mwongozaji na wapagazi wake mzigo ambao hakuna mizani ya getini inayoupima.

Ziwani tunalijua hili vizuri kuliko tunavyojisifu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mbalamwezi, taa zikielea hadi upeo wa macho, na dhoruba kali za ziwa hili huja usiku. Nahodha hutazama mawingu na kusikiliza upepo. Akisema leo hatutoki, mitumbwi inabaki mchangani. Ila nahodha naye ana tajiri wake, mwenye chombo, mwenye injini na nyavu, ambaye usiku huo yuko nchi kavu akihesabu mafuta. Kauli ya nahodha ina nguvu kiasi kile ambacho tajiri ameiruhusu. Ndivyo ilivyo pia kwa kivuko. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikitokea Bugolora, kimejaza watu siku ya gulio. Zaidi ya watu 200 walikufa wakiiona nchi kavu. Miaka 22 kabla yake, Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia. Mara zote mbili abiria walizidi kipimo, na chombo kikaondoka. Waliozikwa Ukara na Igoma ni ushahidi wa kutosha wa gharama ya safari isiyo na mtu wa kusema hapana.

Kwa hiyo siwezi kuisifu mila ya Engare Sero nikaishia hapo, kana kwamba fimbo na katambuga zinatosha. Kijana yule alitugeuza, lakini alijua kwamba bakhshishi ya mteja aliyekikosa kilele huwa ndogo. Mwingine mwenye watoto wanaosubiri ada ya shule angeweza kuutazama ukungu uleule akasema twende. Mila imempa kauli, soko linamnyang'anya polepole. Kule Kilimanjaro nako cheti humtaja mtu kwa pointi aliyofika. Hakuna cheti cha aliyerudi akiwa mzima kwa sababu mwongozaji alimgeuza kwa wakati, na ningependa kiwepo. Kwa upande huu Wajapani wametuzidi, maana uamuzi wao wameutoa kwenye mfuko wa mtu yeyote. Kwa upande wa ujuzi wa mlima ule, usiku ule, sisi tunawazidi. Tunachohitaji ni kuviunganisha: kauli ya mwenyeji, ikiwa imekingwa dhidi ya fedha ya mgeni.

Kukinga huko si jambo gumu, wala halisubiri sheria mpya. Msomaji wangu wa Mwanza, ukipanga safari ya Lengai, mlipe mwongozaji ujira wake wote na bakhshishi yake kijijini, kabla ya saa sita usiku, mbele ya wenzako, na umwambie kwa kinywa chako kwamba fedha hiyo ni yake hata akiwageuza robo ya njia. Na nyinyi wenye kampuni za utalii, liandikeni hilo kwenye mikataba yenu, kwa Kiswahili, mstari wa kwanza.